Wale, Huyu na Sisi: Jibu kwa Wasomaji wa Walenisi

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na ghadhabu, na ni vyema msomaji aarifiwe hivyo mapema ili asije akatafuta humu utulivu usiokuwapo. Ghadhabu yenyewe haimhusu mwandishi wa riwaya. Inawahusu wasomaji wake, na miongoni mwa wasomaji hao namhesabu pia mwandishi wa makala haya.

Riwaya inayohusika ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Kisa chake kinafahamika. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo na utawala usiovumilia kupingwa, anatiwa ndani ya chombo cha angani ili aende akafie mbali na macho ya watu. Chombo kinachokusudiwa kuwa jeneza kinakuwa jahazi. Dzombo anafika Walenisi, nchi ya watu walioupanga upya uhusiano wa binadamu na binadamu mwenzake, na huko, pamoja na mafunzo mengine, anapata mapenzi. Jina la nchi hiyo ni sentensi nzima iliyobanwa ikawa neno moja: wale ni sisi.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiifunza riwaya hii hapa Njoro. Kabla ya mhadhara wa kwanza huwaomba wanafunzi waandike ukurasa mmoja tu wa maoni yao, bila kunukuu mhakiki yeyote na bila kufungua mwongozo. Kurasa hizo nimezihifadhi. Nikizisoma kwa pamoja naona kwamba, licha ya tofauti za umri, jinsia na fani wanazosomea wanafunzi hao, maoni matatu hurudi kila mwaka kama mvua za masika: kwamba riwaya hii si ya kisayansi hata kidogo, kwamba ikiwa ni ya kisayansi, basi sayansi hiyo si yetu, na kwamba mapenzi yaliyomo ndani yake ni pambo lisilohitajika. Maoni hayo hayo nimeyasikia katika makongamano, yakitoka vinywani mwa watu wenye shahada za juu, yakiwa yamevishwa joho la nadharia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini maoni ya wasomaji yamkere mhadhiri kiasi cha kuandika makala. Jibu ni kwamba maoni haya yana nguvu. Miaka michache iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti kuhusu mapenzi katika bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili. Jopo lilimsikiliza kwa dakika zisizozidi kumi, likamshauri atafute mada nzito zaidi. Aliitafuta, akaipata, akafuzu. Tasnifu aliyotaka kuiandika haikuandikwa. Kwa hiyo suala lililo mbele yetu limeshavuka mipaka ya ladha ya mtu binafsi. Linahusu kile kinachoruhusiwa kuwa maarifa katika idara zetu na kile kinachofungiwa mlango.

Hans Robert Jauss alitufundisha, tangu mhadhara wake wa mwaka 1967 kule Konstanz, kwamba kila msomaji huikabili kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Dai langu ni kwamba upeo wa wasomaji wetu umejengwa kwa matofali mabovu, na kwamba waashi ni sisi walimu. Nitayachukua maoni hayo matatu moja baada ya jingine.

"Hii si sayansi"

Maoni haya hutolewa zaidi na wanafunzi wanaochukua Kiswahili pamoja na masomo ya sayansi, na katika chuo chenye asili ya kilimo kama chetu hao si haba. Wanauliza: chombo kinaendeshwa kwa nishati gani? Mtu asiye rubani anakiongozaje? Anapumua nini? Kwa kuwa riwaya haiwapi majibu ya kuwatosheleza, wanahitimisha kwamba Mkangi ameandika ngano na kuipachika roketi.

Hoja hii inadhani kwamba bunilizi ya kisayansi ni kitabu cha fizikia kilichotiwa wahusika. Historia ya utanzu wenyewe inaikataa dhana hiyo. Mary Shelley, katika Frankenstein ya mwaka 1818, hatuambii kiumbe yule alitiwaje uhai. Mhusika wake anakataa waziwazi kuitoa siri hiyo. H. G. Wells, katika riwaya yake ya mwaka 1895 kuhusu mashine ya kusafiria wakati, anatupa maelezo machache ya vipuri na kutusukuma safarini. Jules Verne ndiye aliyejitahidi kutoa hesabu, katika riwaya ya mwaka 1865 ambamo wasafiri wanarushwa kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa. Hesabu zake ni nyingi na zinavutia, lakini mshindo wa mzinga kama huo ungewaponda wasafiri wale kabla hawajaiaga ardhi. Na ni Verne huyo huyo aliyemlaumu Wells kwa kubuni kitu kisichoweza kuthibitishwa! Ikiwa usahihi wa hesabu ndio kipimo, basi mwasisi mwenyewe ameanguka mtihani.

Kipimo cha manufaa zaidi tunakipata kwa Darko Suvin, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1979 alieleza kwamba utanzu huu husimama juu ya miguu miwili: ugeni na utambuzi. Msomaji hupelekwa katika ulimwengu ulio mgeni kwake kwa sababu ya jambo jipya lililoingizwa humo, kisha hutakiwa kulifikiria jambo hilo kwa mantiki hadi ulimwengu alioutoka nao uanze kuonekana mgeni. Swali la kuiuliza Walenisi, kwa hiyo, linahusu fikra ambazo chombo kile kinamwezesha msomaji kuzifikia. Nishati inayokisukuma ni jambo dogo. Jambo jipya katika riwaya hii ni mpangilio wa jamii. Mkangi alikuwa mwanasosholojia. Sayansi aliyoijua ni sayansi ya jamii, na hiyo ndiyo aliyoiweka maabarani. Msomaji anayekataa kuiita sayansi kwa sababu haina mitungi na moshi amesahau kwamba hata katika orodha ya vitivo vya chuo chake mwenyewe taaluma hiyo inaitwa sayansi.

"Roketi si yetu"

Maoni ya pili yana fahari ya kizalendo, na kwa hiyo ni magumu zaidi kuyapinga hadharani. Yanasema kwamba safari za angani ni ndoto za Wazungu na Wamarekani. Kwamba mwandishi wa Kiswahili anapozitumia anakopa nguo isiyomkaa. Na kwamba angetosheka na kijiji, mji, shamba na ofisi.

Naomba msomaji anifuate hadi Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Katika ghuba ya huko, juu ya majukwaa yaliyosimikwa baharini, Waitalia walirusha roketi kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ya kwanza ya aina yake, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wanafalaki duniani kote wanalitumia jina hilo hadi leo katika orodha zao. Mwaka huo huo wa 1970, huku kwetu Bonde la Ufa, kilifunguliwa kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot, na sahani zake kubwa zikawa sehemu ya mandhari ya wachungaji na wasafiri wa barabara ya Nairobi.

Mkangi alikuwa mwana wa pwani hiyo hiyo. Mtoto wa Mijikenda aliyeishi katika zama ambazo moto wa roketi ulikuwa ukipaa juu ya bahari ya kwao anaambiwa leo na mhakiki wa Nakuru kwamba roketi si yake! Basi ni ya nani? Kusema kwamba roketi zile hazikumilikiwa na Wakenya ni kusema kweli. Hata hivyo, kweli hiyo ndiyo inayoifanya riwaya kuwa na makali: chombo kilichoundwa na wenye nguvu kwa shabaha zao kinatekwa na mhukumiwa na kuelekezwa kwingine. Msomaji anayeikataa roketi kwa kuwa ni ya wakubwa ameikataa hadithi katika sehemu yake ya ukombozi hasa.

Isitoshe, fasihi ya Kiswahili haikungoja roketi ili iende angani. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ni nchi iliyo hewani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwa miongoni mwazo. Tenzi za Miraji zilikuwa zikisomwa katika miji ya pwani muda mrefu kabla ya hapo. Katika Mzingile ya mwaka 1991, Euphrase Kezilahabi anatutembeza katika dunia iliyokwisha kuteketezwa. Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba Buraki ni roketi, wala kwamba Shaaban Robert alikuwa mwandishi wa bunilizi ya kisayansi bila kujijua. Uhakiki wa namna hiyo, unaotafuta hati ya kuzaliwa ya kila kitu katika masanduku ya babu, ni ugonjwa mwingine unaohitaji makala yake. Ninachosema ni kwamba msomaji wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kumwona mtu akienda juu ili aitazame nchi yake vizuri zaidi. Mkangi alibadilisha chombo; desturi aliikuta.

"Mapenzi haya ni ya nini?"

Nimefika kwenye maoni yaliyoniudhi zaidi. Yana sura mbili. Sura ya kwanza ni ya msomaji mwanasiasa. Kwake Walenisi ni kitabu cha upinzani dhidi ya utawala wa chama kimoja, kilichoandikwa na mtu aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986. Mapenzi humo ni mahali pa msomaji kupumzika kati ya hoja na hoja, kama chai ya saa nne. Sura ya pili ni ya msomaji mwanataaluma. Yeye huona haya. Kwake mapenzi ni mali ya fasihi pendwa, ya vitabu vyenye majalada ya rangi kali viuzwavyo vituoni mwa matatu, na anahofia kwamba riwaya nzito ikiguswa na mapenzi itashuka daraja. Wote wawili wanakubaliana juu ya jambo moja: ukiyaondoa mapenzi, riwaya itabaki ilivyo.

Hebu tuijaribu hoja hiyo kwa riwaya nyingine za mkondo huu. Yevgeny Zamyatin aliandika mnamo 1920 na 1921 riwaya ambayo nchi yake haikuichapisha hadi mwaka 1988. Raia wake wana namba badala ya majina, wanaishi katika nyumba za vioo, na hata kukutana kwa mume na mke kunaombewa kibali cha serikali. Dola hiyo inatikisika pale namba moja inapompenda namba mwingine kinyume cha utaratibu. George Orwell, mwaka 1949, anamfanya Winston ajue kwamba yu huru kwa sababu anampenda Julia, na dola haioni imeshinda hadi pale kila mmoja wao anapomsaliti mwenziwe. Karel Čapek, katika tamthilia ya mwaka 1920 iliyoipa dunia neno roboti, anamaliza kwa roboti wawili ambao kila mmoja yuko tayari kufa badala ya mwenzake. Ni hapo tu ndipo tunapotambua kwamba ubinadamu haujatoweka. Yaondoe mapenzi katika kazi hizi tatu. Kitakachobaki ni ripoti ya tume.

Sababu yake si ngumu kuiona. Bunilizi ya kisayansi huuliza swali moja kwa njia elfu: binadamu ni nani, na mipaka yake ni ipi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ufafanuzi wa kamusi. Hujibiwa pale mtu mmoja anapolazimika kuamua kama kiumbe aliye mbele yake, mgeni wa sayari nyingine, mashine au adui wa taifa, ni wa kuambiwa wewe. Mapenzi ni uamuzi huo ukiwa umefika kwenye mwili. Ndiyo maana katika utanzu huu mapenzi ni jaribio la maabara: nadharia yote ya jamii iliyotangulia hupimwa hapo, na hapo huonekana kama inasimama au inaanguka.

Na msomaji mwanasiasa naye ana la kujibu. Kizuizi cha kisiasa hufanya nini kwa mtu? Kabla ya kumnyima kura au kalamu, humtenga na watu wanaomlaza na kumwamsha. Dola inayotia watu kizuizini inajua vizuri kuliko wahakiki wetu kwamba mapenzi si pambo. Ikiwa Walenisi ni riwaya ya kizuizi, basi mapenzi yaliyomo ni sehemu ya siasa yake, na anayeyaruka ameisoma nusu ya siasa hiyo.

Wale, huyu na sisi

Nirudi kwenye jina la riwaya, kwa kuwa wasomaji wetu wengi hulifasiri katika mstari mmoja na kuendelea. "Wale" ni kiashiria cha mbali. Mtu anayesema wale amesimama mahali, akanyoosha kidole, na kati ya kidole na wanaooneshwa pana nafasi. "Sisi" ni nafsi ya wasemaji, na haina nafasi ndani yake. Kuunganisha maneno haya mawili kwa kitenzi kishirikishi cha silabi moja, ni, ni kudai kwamba nafasi ile imefutika. Lakini imefutikaje? Sarufi yenyewe inakataa kuruka. Kati ya wale na sisi pana kiashiria kingine ambacho jina la riwaya limekinyamazia: huyu. Hakuna mtu anayewapenda wale. Mtu humpenda huyu, mmoja, wa karibu, mwenye sauti na kasoro. Na akishampenda huyu, wale aliotoka miongoni mwao hawawezi tena kubaki mbali kama walivyokuwa. Dzombo anaweza kufundishwa kuhusu usawa wa Walenisi kwa mihadhara elfu, na kila mhadhara ukamwacha akiwa mgeni mwenye adabu. Mwanamke mmoja wa Walenisi anapokuwa kwake huyu, ndipo sentensi ya jina la nchi inapopata kuwa kweli. Kwa maneno mengine, kisa cha mapenzi ndicho kinachobeba kitenzi cha riwaya.

Linganisha na Zamyatin. Jina la riwaya yake, likifasiriwa kwa Kiswahili, ni Sisi. Lakini sisi ya Zamyatin ni ile iliyommeza mimi na kumfukuza yule. Ni sisi ya ukuta. Sisi ya Mkangi inaanza na wale, yaani inaanza kwa kutazama nje. Hizi ni sisi mbili zinazopingana, na tofauti yao haiwezi kuonekana na msomaji aliyeamua kwamba mapenzi ni chai ya saa nne.

Katika ukumbi wa mihadhara ulio Njoro hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kama mchezo wa maneno. Huku kwetu neno wale lina historia. Lilitumika Molo mwaka 1992. Lilitumika tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mwishoni mwa Januari 2008 likafika katika mitaa ya mji wa Nakuru na Naivasha, kwa mapanga na mishale. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo, mahali ambapo watu walizoea kwenda kushangilia mpira na kutazama ng'ombe wa tuzo, vilijaa familia zenye magodoro na sufuria. Kilichozungumzwa kidogo katika semina zetu ni ndoa. Katika bonde hili watu wa lugha mbalimbali walikuwa wameoana kwa vizazi, na katika majuma yale nyumba nyingi za namna hiyo zilitakiwa kujigawa, mume huku na mke kule, huku watoto wakiulizwa wao ni wa nani.

Katika kurasa nilizozihifadhi umo mmoja wenye aya mbili tu. Mwandishi wake haandiki kuhusu fani wala maudhui. Anasema kwamba riwaya hii aliisoma usiku mmoja na kwamba anajua ugumu wa jina lake, kisha anaandika: "Kwetu sisi, wale alikuwa mama." Kalamu yangu nyekundu ilikuwa tayari imeinuka kusahihisha upatanisho wa kisarufi. Wale alikuwa! Wingi na umoja vimegonganishwa katika sentensi moja. Nilibaki nimeinua kalamu hivyo kwa muda, kisha nikaiweka chini. Sentensi ile ilikuwa sahihi kuliko sarufi yangu. Ilieleza jinsi mtu mmoja, huyu, alivyogeuzwa kuwa wale akiwa bado ndani ya nyumba yake. Riwaya ya Mkangi inaifanya safari hiyo kinyume: kutoka wale, kupitia huyu, hadi sisi. Mwanafunzi yule alikuwa amemsoma Mkangi kikamilifu, na alikuwa ameanza kumsoma kupitia mapenzi, mlango ambao jopo la maprofesa lilisema hauna uzito.

Pingamizi la kweli

Nisionekane kama ninayedai kwamba riwaya hii haina doa. Lipo pingamizi moja ambalo nimeshindwa kulijibu lote, na uungwana wa kitaaluma unanidai nilitaje. Mara kwa mara wanafunzi wa kike huuliza: mwanamke huyu wa nchi kamilifu anafaidi nini kwa mwanamume aliyetoka katika nchi iliyooza? Na je, anapendwa yeye, au inapendwa nchi yake kupitia kwake?

Swali hili ni zito. Tangu Thomas More alipoandika Utopia mwaka 1516, mwenyeji katika hadithi za nchi kamilifu hulazimika kuwa mwalimu wa mgeni, na mwalimu wa namna hiyo hapewi nafasi ya kukosea, ya kununa, wala ya kubadili nia. Mwenyeji huyo akiwa mwanamke, na mgeni akiwa mwanamume anayempenda, pana hatari kwamba mwanamke atageuzwa kuwa dirisha la kuangalilia nchi. Tumewahi kuiona hatari hiyo katika masimulizi ya wasafiri wa kikoloni, ambao nao walikuwa hodari wa kupenda nchi kupitia wanawake wake. Sidhani kwamba Mkangi ameiepuka kabisa. Wala sidhani kwamba mwandishi yeyote wa utopia ameiepuka.

Lakini msomaji na aangalie tofauti kati ya pingamizi hili na maoni ya akina chai ya saa nne. Wao wanasema mapenzi hayana kazi, kwa hiyo hawayasomi. Wanafunzi hawa wanasema mapenzi yana kazi kubwa mno, na ndiyo sababu wanataka yafanywe vizuri. Wameyasoma kama hoja, wakaiona hoja ina ufa, wakatia kidole penye ufa. Huo ndio uhakiki. Ukali wao unaiheshimu riwaya kuliko sifa zote ambazo wenzangu wameimwagia kwa kuiita ya kimapinduzi huku wakiruka kurasa zake.

Tuliowafunza ni sisi

Wasomaji hawa wameyatoa wapi maoni yao? Fungua mwongozo wowote wa riwaya unaouzwa katika maduka ya vitabu ya barabara ya Kenyatta mjini Nakuru. Utaikuta orodha ya maudhui: ufisadi, ukoloni mamboleo, elimu, nafasi ya mwanamke, mapenzi. Ufisadi umepewa kurasa tatu. Mapenzi yamepewa mistari mitatu, nayo inasema kwamba mapenzi yapo, na kwamba fulani anampenda fulani. Mwanafunzi aliyelishwa chakula hicho kwa miaka minne ya sekondari huja kwetu akiamini kwamba maudhui ni bidhaa rafuni, kila moja na bei yake, na kwamba mapenzi ndiyo ya bei rahisi.

Nasi tunafanya nini akishafika? Nilipoanza kuandaa makala haya nilizitafuta karatasi zangu za mtihani za miaka iliyopita. Maswali niliyotunga kuhusu Walenisi yalikuwa haya: jadili dhana ya utopia, fafanua itikadi ya mwandishi, eleza matumizi ya kinaya. Hakuna hata moja lililomtaka mtahiniwa aeleze kwa nini Dzombo anapenda. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiwatuma watu kwenye sayari nyingine kisha nikiwakataza kumtazama usoni mtu waliyemkuta huko. Jopo lililomkatalia yule mwanafunzi wa uzamili halikutoka mbinguni. Lilifunzwa na watu kama mimi.

Hitimisho

Katama Mkangi alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani. Hakuwahi kuiona Nakuru ya Januari 2008, wala hakuiona tarehe 15 Aprili 2023, siku ambayo setilaiti ya kwanza ya uchunguzi wa dunia ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Mambo haya mawili, uwezo wetu wa kufika angani na uwezo wetu wa kumfukuza mke jirani kwa sababu ya lugha ya babake, yamo katika nchi moja na kizazi kimoja. Fasihi inayoweza kuyaweka pamoja katika kisa kimoja ni fasihi tunayoihitaji, na bunilizi ya kisayansi yenye mapenzi ndani yake ni mojawapo ya njia chache zenye uwezo huo.

Napendekeza basi mambo matatu, na nitafurahi kupingwa kwa hoja. Kwanza, idara zetu ziwe na kozi ya bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili inayosimama yenyewe, isiyofichwa ndani ya juma moja la kozi ya riwaya. Pili, tuache kuitumia fasihi pendwa kama jela ya kila kazi inayothubutu kusema kwamba watu hupendana. Tatu, maoni ya wasomaji wa kawaida yakusanywe na kuhifadhiwa, hata yakiwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi, kwa sababu kwa nadra, katika ukurasa mmoja kati ya mia, tutakuta kile ambacho nadharia zetu zimepita bila kukiona.

Na kwa yule mwanafunzi, ambaye sasa anafunza mahali fulani mada nzito: pendekezo lako bado ninalo. Mlango wa ofisi yangu unaujua.